Kwaya Juu ya Sauti ya Karanja

Jumatatu, 3 Machi

Vidonge vinne. Uji bila sukari. Miguu imevimba tena hadi magotini. Nyambura, anayenitunza, amenikalisha dirishani na kunivika mpira wa oksijeni puani. Mashine inahema sakafuni kama mgeni aliyepanda mlima.

Saa nne wakaanza kule kwenye nyumba ya kuku. Kuku walikufa kwa ugonjwa miaka sita iliyopita. Sasa humo mna bendi. Mjukuu wangu Njoki ndiye mwimbaji, kama neno ni hilo. Mutua anapiga ngoma. Kibe anapiga gitaa na kuketi mbele ya kompyuta. Wanajiita Kutu. Muziki wao ni metali, tena ile kali kuliko zote, death metal. Niliwahi kujaribu kuitafsiri. Niliacha.

Zamani walifanyia mazoezi Ruiru, upande wa Kamakis, katika chumba nyuma ya mahali pa nyama choma. Mwenyewe akawafukuza. Wateja walisema nyama haishuki. Njoki akaja hapa Kiganjo kuniomba nyumba ya kuku. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Alidhani ni upendo. Upendo upo. Lakini pia kuna deni la namna nyingine, na nitaliandika hapa pumzi ikitosha.

Wamebandika trei za mayai ukuta mzima ili kuzuia sauti. Hazizuii.

Jumatano, 5 Machi

Hii ni albamu yao ya pili. Ya kwanza waliirekodi kwa siku mbili: gitaa, ngoma na koo tu. Ya pili Njoki anataka iwe na sauti za kompyuta. Milio, vipande vilivyokatwakatwa, mashine zinazopiga pale ambapo mkono wa mtu haufiki. Mashabiki wao wachache wamewajia juu kwenye simu. Wanasema metali ya kweli haina vinanda.

Nilicheka hadi nikakohoa. Nami niliwahi kusimama mbele ya wazee wa kanisa kupinga kinanda cha umeme, karibu kwa maneno hayohayo.

Nilifundisha sekondari miaka thelathini na mmoja, Kiswahili na muziki. Kwaya ya kanisa niliiongoza ishirini na saba. Koo nazijua. Njoki anaunguruma kutoka tumboni, si kooni, na ndiyo sababu sauti haijamkatika. Hakufundishwa na mtu. Baba yake pia hakufundishwa.

Karanja. Nimeliandika jina. Basi, kwa leo.

Jumapili, 9 Machi

Kina mama wa kanisa walikuja baada ya ibada kuniombea. Njoki alikuwa kazini kule nje. Mama Wambui akasita katikati ya sala.

"Mwalimu, mbwa wenu ni mgonjwa?"

"Ni Njoki."

"Ngai! Na hamjampeleka kwa daktari?"

"Anaimba."

Akanitazama kwa huruma, kisha akafumba macho na kuongeza jina la Njoki kwenye orodha.

Kabla ya kuondoka wakaniuliza, kwa upole mwingi, nyimbo ninazozipenda. Najua wanauliza za siku gani. Nikawaambia wachague wowote ila ule wa mavuno. Walishangaa. Ule ndio uliotupa kombe.

Nimechoka. Kuongea na watu wema kunachosha kuliko ngazi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku niliyoiogopa. Njoki amekuja na ile kaseti.

Niandike kwa utaratibu, kama ubaoni. Karanja alikuwa mwanangu wa pekee na baba yake Njoki. Alikufa barabarani Njoki akiwa na miaka sita. Mama yake aliolewa tena Nakuru, mtoto akabaki kwangu. Ana jina langu, kama desturi yetu inavyotaka: binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo Karanja alimwita maitu, mama. Mtoto wa miaka mitatu anaitwa mama na baba yake mzazi, naye anaitika kwa heshima zote.

Alipofika miaka minane aliniomba kitu cha baba yake. Nikampa kaseti yenye jina Karanja kwa mwandiko wa Karanja. Ndani yake ni kwaya yangu ikiimba wimbo wa mavuno. Akaniuliza kwa nini baba alikuwa na kwaya. Nikamwambia baba yako aliipenda kwaya ya bibi yako, ya Cucu, ndiyo maana akairekodi.

Uongo. Niliirekodi mimi.

Leo ameniambia wimbo mrefu kuliko yote kwenye albamu utajengwa juu ya kaseti hiyo. Kibe ataikata kwaya vipande, aigeuze, ailaze chini ya ngoma. Na kwenye jalada wataandika: kwaya imerekodiwa na baba yangu, Karanja.

"Cucu, uko sawa na hiyo?"

Nikasema niko sawa.

Jumanne, 18 Machi

Nimelala vibaya. Hakuna aliyekufa kwa kuandika, basi niandike.

Karanja alikuwa teno bora niliyewahi kuwa naye. Akiwa na miaka ishirini na sita aliacha kwaya, akanunua gitaa, akaanza kupiga kwenye baa moja Ruiru kila Jumamosi. Jumapili kiti chake kikawa kitupu, safu ya pili, watu wote wanakiona. Walimu wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Niliona aibu. Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko dhambi yake, kama ilikuwa dhambi.

Mwaka uliofuata alirekodi nyimbo zake. Peke yake, jikoni kwangu, mchana nikiwa shuleni, kwa redio kaseti yangu. Upande mmoja, nyimbo tano. Kisha akavunja vile vibao viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Vikishavunjwa, mashine inakataa kurekodi tena. Ndivyo tulivyolinda kitu wakati ule, kisifutwe kwa bahati mbaya.

Haikuwa bahati mbaya.

Tulikuwa tukijiandaa kwa mashindano na wanakwaya walitaka kusikia sehemu zao. Kwenye droo palikuwa na kaseti mpya, bado imo kwenye karatasi yake. Nikaiacha. Nikachukua ya Karanja. Nikaziba yale matundu mawili kwa selotepu, mashine ikadanganyika. Nikaipeleka kanisani, nikabonyeza vitufe viwili pamoja, nikainua mikono, kwaya ikaimba.

Aliirudia siku ya nne. Nilikuwa nikisugua sufuria iliyokuwa safi. Akaiweka, akasikiliza upande wote hadi mwisho, amesimama. Nilingoja apige kelele. Akaitoa, akaiweka mezani taratibu.

"Mwalimu," akasema, "soprano wako wamepanda."

Hakuwahi kuniita mwalimu nyumbani. Akachukua gitaa lake akaenda Ruiru. Alikuja tena mara chache kumwona mtoto, akaketi nje. Miezi minane baadaye lori lilimgonga.

Hakuna kaseti nyingine yenye sauti yake. Niliulizia baa, rafiki zake, kila mahali. Hakuna.

Na soprano walikuwa wamepanda kweli, wameipita noti.

Jumamosi, 22 Machi

Kibe ameleta maikrofoni hadi kitandani kwangu kurekodi mashine ya oksijeni. Anasema ina mdundo mzuri. "Shosho, hii kitu inapiga vizuri kuliko Mutua." Mutua akamrushia mto.

Mutua kwao ni upande wa Yatta. Huniita Susu, kama wanavyoita bibi kwao. Baba yake alitengeneza redio Matuu. Aliishika kaseti, akaigeuza, akapitisha ukucha mgongoni.

"Susu, hii selotepu ni ya nini?"

"Ilivunjika."

Akanitazama kidogo tu. Akairudisha kwenye kasha lake kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku. Anajua. Mtoto wa fundi hawezi kukosa kujua.

Njoki alikuwa dirishani akitafuta mtandao kwa simu. Hakusikia.

Uongo wa pili kwa kaseti ileile. Mtu wa miaka themanini na mmoja.

Alhamisi, 27 Machi

Wamenibeba na kiti hadi nyumba ya kuku, mimi na mtungi mdogo wa hewa. Wakanisikilizisha.

Sikutarajia. Kwaya yangu inaanza mbali, kama iko chini ya ardhi. Kibe ameipunguza mwendo mpaka teno ni besi na besi ni kitu kingine kisicho cha binadamu. Mashine yangu ya oksijeni inapiga. Halafu ngoma za Mutua zinaangukia juu yake, gitaa, na Njoki anafungua kinywa. Mifupa ya kifua ilitetemeka, na haikuwa moyo.

Ni kazi nzuri. Naisema kama mtu aliyesahihisha kazi mbaya nyingi. Kuna mpango. Kila sauti inajua kwa nini iko pale.

Redio kaseti yangu imeitafuna kaseti. Utepe ulitoka nje kama matumbo, ukakatika mahali pengi. Kibe akasema si neno, nakala iko kwenye kompyuta. Njoki aliuokota utepe wote sakafuni, akaukunja, akautia kwenye bahasha.

Jumapili, 30 Machi

Nilitaka kusema leo. Nilikuwa nimepanga sentensi tatu.

Njoki ndiye aliyenilisha uji, Nyambura yuko likizo ya siku moja. Akaanza kuongea mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Kwamba akiwa mtoto aliiweka ile kaseti chini ya mto. Kwamba shuleni wenzake walipomwambia baba yake alikuwa mlevi wa baa, alijua si kweli, maana mlevi hawezi kukaa kanisani arekodi kwaya ya mama yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kwamba ndiyo ushahidi wake kuwa mimi na baba yake tulipendana.

Akanifuta kidevu.

Sentensi tatu zikarudi tumboni na uji.

Jumanne, 1 Aprili

Kibe aliingia akitabasamu, amefurahia kazi yake.

"Shosho, nimewasafisha hao watu wako. Saa hii wako freshi."

Akanieleza. Katika ule wimbo wa mavuno kuna mahali kwaya inanyamaza, kabla ya ubeti wa mwisho. Mapigo manne. Niliwafundisha mnyamao ule kwa wiki nzima, majaji waliusifu. Kibe anasema ndani ya mnyamao huo kulikuwa na kitu chini. Kelele fulani. Kama nyuzi. Ameitoa kwa kompyuta, sasa pako kimya kabisa. Ijumaa anapeleka kazi yote kwa fundi wa Nairobi wa kumalizia, na ile nakala mbichi ataitupa siku hiyohiyo kwa sababu kompyuta imejaa.

Kama nyuzi.

Nimekaa na neno hilo tangu saa tano. Redio yangu ilikuwa kuukuu. Haikufuta vizuri. Miaka yote hii Karanja amekuwa pale, kwenye mapigo manne ambayo kwaya ilivuta pumzi. Na mvulana mwema amemsafisha kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Mara ya kwanza nilimfuta kwa mkono wangu. Ijumaa nitamfuta kwa kufunga mdomo.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimesema.

Stima ilipotea baada ya chakula cha mchana. Mashine ikazima, na kule nje muziki ukakatika katikati ya mngurumo. Njoki alikuja mbio kunibadilishia mtungi. Nilipopata hewa, nikamwambia akae. Hakukaa. Nikamwambia hivyohivyo amesimama. Kaseti ilikuwa ya nyimbo zake. Nilirekodi mimi juu yake. Zile nyuzi ni zake, msizitupe.

Akauliza kama karani.

"Hukuwa na kaseti ingine?"

"Nilikuwa na mpya. Kwenye droo."

"Ulisikiliza kwanza?"

Hilo ndilo swali. Nimeliogopa kuliko kaburi.

"Mara mbili."

"Na?"

"Zilikuwa nzuri."

"Nzuri aje, Cucu?"

"Kuliko chochote nilichowahi kufundisha."

Akainama, akasoma kipimo cha mtungi, akapunguza kidogo kwa sababu nilikuwa nimeongeza mno. Akahakikisha mpira haujakunjika. Akatoka. Nilisikia geti.

Nilitamani anitukane. Lakini sisi ni ukoo usiotukana. Karanja hakutukana.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakuna aliyekuja. Mvua.

Nimwandikie nani sababu, kama si hapa. Watu wakisikia watadhani nilimfuta kwa ajili ya dini. Afadhali wadhani hivyo. Ukweli ni mdogo na mchafu zaidi. Nilitumia miaka ishirini na saba kufanya watu arobaini waimbe kama mtu mmoja. Yeye aliketi jikoni kwangu mchana mmoja, na gitaa la bei rahisi, akafanya kitu ambacho sikuwahi kukifikia. Nilimwonea wivu. Mwanangu mwenyewe. Niliusikia wimbo wa kwanza nikalia, nikaurudisha nyuma nikausikia tena, kisha nikaenda kutafuta selotepu.

Jumapili, 6 Aprili

Mutua alikuja peke yake kuchukua matoazi. Akapita kunijulia hali, akasimama mlangoni na viatu mkononi.

Njoki yuko Ruiru kwa Kibe na mke wake. Kibe hakutupa kitu. Wamesikiliza siku mbili. Wameondoa yote yaliyo juu, wakafika kwenye sekunde tatu.

"Hakuna neno, Susu. Ni gitaa, halafu ni kama mtu anavuta pumzi aimbe. Halafu kwaya yenu inaingia."

Nikavuta blanketi hadi kidevuni.

"Ile selotepu niliiona," akasema. "Lakini haikuwa yangu kusema."

Nikamwambia najua. Akaondoka na matoazi chini ya koti ili yasilowe.

Nyumba ya kuku iko kimya. Nilidhani nitafurahia ukimya. Nauchukia.

Jumatano, 9 Aprili

Amerudi. Hakunisalimu. Aliketi kwenye kiti cha Nyambura, akaweka daftari jipya na penseli juu ya blanketi langu.

"Wewe ukisikia wimbo mara moja unaweza kuuandika. Ulikuwa unatufanyia hivyo tukiwa wadogo, hata matangazo ya redio. Huu uliusikia mara mbili. Niandikie."

Nikamwambia ni miaka mingi. Akasema anajua ni miaka mingapi.

Nikafumba macho. Sikulazimika kutafuta. Ubeti wa kwanza ulikuwa pale, mzima, umekaa umeningoja. Siwezi kuimba, pumzi hainibebi hata nusu mstari. Nikaandika kwa sol-fa, kama nilivyoandikia kwaya maisha yangu yote. Herufi, nukta, mistari ya mapigo. Mkono ulijua njia.

Njoki akaangalia. "d, m, s, s... Hii ni nini, Cucu, namba ya siri?"

Mwalimu wa muziki nimemlea mtoto asiyejua sol-fa. Hakutaka kujifunza, nami sikumlazimisha. Niliogopa kulazimisha tena.

Kisha akauliza maneno. Nilijua atauliza. Mengi yamepotea. Nakumbuka mwanzo: Maitu, nyoosha mguu nikufunge kamba.

Akaacha kupumua. Wimbo wa kwanza ulikuwa wake yeye, Njoki. Baba anamfunga mtoto kamba za viatu asubuhi, anamwita mama. Basi, ni hicho tu. Hapana baa ndani yake, hapana dhambi. Nilijua ulikuwa wa nani nilipobonyeza vile vitufe.

Alilia uso ukiwa ukutani. Sikumgusa. Sikuwa na haki hiyo leo.

Alipomaliza akasema, "Kwa kava nitaandika vile ilikuwa. Kwaya ilirekodiwa na cucu yangu, juu ya sauti ya baba yangu. Na watu wa kanisa watajua. Hizi vitu hufika."

"Andika," nikamwambia.

Jumapili, 13 Aprili

Kina mama wa kanisa, na matawi ya mitende mikononi. Sikutaka wasikie kwa jalada. Nikawaambia mwenyewe, kwa kifupi.

Mama Wambui alikuwa soprano wa kwanza siku ile. Alikaa na tawi mapajani.

"Kumbe tulikuwa tunaimba juu ya Karanja?"

"Ndiyo."

"Na tukachukua kombe."

"Ndiyo."

Mwingine akaanza kusema Mungu ni mwenye rehema. Mama Wambui akamwambia, ngoja kwanza. Akashika mkoba wake, akatoka bila kuomba. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wakinipa mkono kama watu wa matanga.

Huenda asirudi. Nina haki ya kumkosa, sina haki ya kumlaumu. Miaka hamsini ya mwalimu huyu, mwalimu yule. Imekwenda kwa dakika kumi. Nilidhani itaniuma zaidi. Nimechoka tu.

Jumatano, 16 Aprili

Namfundisha Njoki sol-fa. Saa nzima kwa siku, kisha nalala. Ana haraka, ana sikio, hana subira. Kama mtu mmoja niliyemzaa.

Leo aliimba mstari wa kwanza. Hakunguruma. Aliimba tu, chini, karibu na sauti ya teno. Sikuwahi kusikia sauti yake tupu tangu akiwa mtoto. Nyambura aliacha kufagia.

Ule wimbo mrefu sasa utakuwa hivi, ananieleza. Kwaya itabaki, nzima, haitakatwakatwa tena. Wanataka isikike ilivyo, na soprano wake. Halafu kila kitu kinanyamaza, zile sekunde tatu, pumzi ile. Halafu badala ya kwaya kurudi anaingia yeye, na wimbo wa viatu, na mashine ya Kibe chini yake. Kunguruma kutakuja mwisho.

Nikamwambia kwaya ikirudi ghafla pale wataharibu. Akasema, "Najua, Cucu." Kwa ukali. Ndiyo mara ya kwanza amenikaripia tangu siku ile. Nililala nimefarijika.

Jumamosi, 19 Aprili

Daktari alikuja. Aliongea na Njoki barandani, mlango umefungwa. Alipoingia Njoki hakuniambia kitu na sikumuuliza. Akafungua daftari.

Ubeti wa pili umekamilika. Nina hakika nao, isipokuwa nukta moja.

Hajasema amenisamehe. Nimeacha kungoja kama mtu anayengoja. Ananifunika miguu. Ananiuliza kama hapa ni fa au so.

Jumanne, 22 Aprili

Ubeti wa tatu. Nakumbuka mwanzo na nakumbuka unavyotua. Katikati, mapigo manane, hakuna kitu. Nimefumba macho asubuhi nzima.

Mkono ukaandika wenyewe. s, f, m, ukashuka vizuri kwa ngazi, ukakutana na mwisho pasipo mshono. Tamu. Mtu yeyote angeamini. Njoki angeuimba, Kibe angeurekodi, na ungekuwa wa Karanja milele.

Lakini haukuwa wake. Ulikuwa wangu. Hivyo ndivyo ninavyomalizia mistari, kwaya nzima ilijua.

Nikaomba kifutio. Nikafuta mpaka karatasi ikawa safi, nikachora mistari ya mapigo, nikaacha katikati wazi.

Njoki alipokuja akaweka kidole pale.

"Na hapa?"

"Hapo sijui."

Akapatazama kwa muda. "Sawa," akasema. Akachukua daftari akaenda nalo nje.

Mvua imeacha. Nyambura amefungua dirisha. Niliwasikia wakianza, wakarudia, wakaanza tena. Niliwasikia wakifika kwenye ubeti wa tatu. Nikahesabu kwa kidole juu ya blanketi, moja hadi nane.

Hawakujaza.